Siku ya pili ya hedhi sijinyimi tena

Kwa miezi minne nimekuwa nikipunguza chakula bila shida, isipokuwa siku chache kabla ya hedhi na ile siku ya pili yenyewe. Hapo natamani chokoleti usiku wa manane, na kupanda ngazi tu kunanichosha. Nilijilaumu sana. Kumbe yai likishapevuka, homoni ya projesteroni hupanda na hamu ya kula huongezeka. Mwili nao hushikilia maji, mizani ikasoma kilo zaidi ambayo si mafuta.

Sasa wiki hiyo sipimi uzito kabisa. Naongeza mlo kidogo: mayai asubuhi, maharage mchana, na chungwa, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai nainywa baadaye, kwa sababu ikiandamana na chakula huzuia madini hayo. Chokoleti nakula, vipande viwili, mchana. Nikijinyima, usiku namaliza pakiti nzima.

Mazoezi? Natembea dakika 20, basi. Mwezi uliopita damu ilitoka nyingi na kizunguzungu hakikuniacha, nikaenda kupima. Nilikuwa na upungufu wa damu. Natamani ningeenda mapema.