Jinsi nilivyotatua: kikomo cha kerneli kilichojirudisha kila seva ikiwashwa upya

Leo nimelala usingizi. Kila jioni seva yetu ya Linux ilikuwa ikikataa wateja, na dmesg (kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi) ikiandika: nf_conntrack: table full, dropping packet, yaani jedwali ambamo kerneli hufuatilia miunganisho ya mtandao limejaa, pakiti zinatupwa. Nikaongeza RAM, nikazima huduma mbili, wapi!

Kisha nikasoma /proc/sys/net/netfilter/nf_conntrack_count: miunganisho ilikuwa imefika kikomo cha 65536. Nikaandika sysctl -w net.netfilter.nf_conntrack_max=262144 (sysctl ni amri ya kubadili mipangilio ya kerneli), papo hapo mambo yakatulia. Nikaiweka thamani hiyo kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d ili idumu. Haikudumu. Seva ikiwashwa upya, 65536 ileile.

Kumbe tatizo ni nani anatangulia kuwaka. Faili za sysctl zilisomwa kabla fayawoli haijapakia moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa kikihitajika) ya nf_conntrack, na moduli isipokuwepo, hata hiyo njia ndani ya /proc haipo, basi thamani haina pa kuandikwa. Nikaunda /etc/modules-load.d/conntrack.conf yenye neno moja tu: nf_conntrack. systemd, programu inayowasha huduma za mfumo, hupakia moduli zilizotajwa humo kwanza, ndipo isome sysctl.

Nimeiwasha upya mara tatu, 262144 imebaki. Jioni huwa naiangalia nf_conntrack_count kwa amri ya watch, inayorudia kuonyesha thamani kila baada ya sekunde chache.