Siku yangu benchi la kalcha: kumtafuta mtoto wa Fatuma

Watu wakisikia nafanya kazi maabara ya hospitali hapa Tanga wanajua napima malaria na mkojo basi. Mimi niko benchi la kalcha, naotesha wadudu wa wagonjwa, naangalia dawa gani inawaua na ipi wanaichezea, halafu nafuatilia usugu umeanzia wodi gani na unaelekea wapi.

Saa 12 asubuhi natoka Makorora na baiskeli, chapati mbili na maharage ya nazi njiani, saa 1:30 nimeshavaa koti.

Saa 2 nafungua inkubeta, kabati letu la joto, pleti za kuoteshea wadudu zimelala humo nyuzi 35 tangu jana mchana. Nashika rula, napima duara linalozunguka kila kidiski, kile kikaratasi cha mviringo chenye dawa, pale wadudu walipokufa. Seftriaksoni inatakiwa ifike milimita 23 ndo tuseme inafanya kazi, 19 kushuka chini huyo ni sugu. Hii ya damu ya mtoto mchanga nasoma 6. Sita ni upana wa kidiski chenyewe jamani, yaani wadudu wameota mpaka wakaiegemea dawa kama wanaegemea ukuta! Meropenemu ndo imefungua duara la maana. Mdudu mwenyewe ni bakteria anaitwa Klebsiela. Nacheki rejista, huyu wa tatu ndani ya wiki mbili, wodi moja, dawa zilizogoma ni zilezile.

Nampigia kwanza daktari, mtoto abadilishiwe dawa, hilo halisubiri karatasi.

Hapo ndo siku ikaharibika. Natoa fomu za wale watoto watatu. Ya kwanza haina kitanda. Ya pili haina tarehe ya kulazwa, na bila hiyo siwezi kujua, maana mtu akianza kuumwa baada ya saa 48 tangu alazwe tunahesabu kaupatia hospitali, kabla ya hapo huenda kaja nao. Ya tatu imeandikwa "mtoto wa Fatuma", na wodini wako watoto wa Fatuma wawili, Tanga bana, kina Fatuma wangapi! Napiga simu haipokelewi, nateremka mwenyewe, namkuta nesi mfawidhi yuko peke yake na watoto kibao, ananitazama juu mpaka chini. "Mmekuja kutukagua tena?" Hapana dada yangu, natafuta kitanda tu. "Kitanda kipi, na siku nyingine wanalala wawili wawili?" Nikakosa la kusema, maana kweli, anatoka kwa huyu anakimbilia yule, sinki moja, bomba linadondoka tone tone, sabuni imeisha. Nilikuja na hasira za fomu zangu zikaniishia palepale. Tukakaa na mafaili, anaitwa anaondoka anarudi, mtoto analia anaondoka tena, saa nzima na ushei, mpaka ikaonekana wote watatu walilala kona ileile ya mashine ya kufyonza makohozi. Nikachukua swabu kwenye mpira wa mashine, tundu la sinki na chupa ya maji ya oksijeni, huyu mdudu anapenda majimaji. Sijasema ni sinki, kesho pleti ndo itasema.

Kurudi maabara sijui hata saa ngapi, chakula kimeshapita, dirishani kuna mzee. Shikamoo. "Marahaba mjukuu, siku ya tatu leo, majibu ya UTI sugu yangu." Haijaota kitu babu, ulimeza dawa kabla ya kuleta mkojo? Kameza, za duka la dawa, vidonge vinne akajisikia nafuu akaacha. Nikaanza kumweleza upya kwamba dawa ikitangulia wadudu huenda wasiote, miguu inawaka moto.

Zamu inaisha saa 9:30, naondoka saa 11. Pleti ya mwisho nimeiandika kwa makapeni "sinki, kona", nikaisukuma ndani. Mezani kuna fomu mpya. Kitanda kimejazwa, tarehe ya kulazwa imejazwa, hadi dawa alizokwishapewa, mwandiko wa yule dada. Sampuli: damu. Jina: mtoto wa Fatuma, yule wa kitanda cha dirishani.