Uvimbe kwenye ovari zote mbili: tulivyopanga upasuaji na uzazi

Kwa miaka mingi maumivu yangu ya hedhi yaliitwa chango, na kila shangazi alikuwa na mizizi yake ya kuchemsha, hadi ultrasaundi ilipoonyesha uvimbe wa endometriosisi (ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake) kwenye ovari zote mbili: wa kulia ulikuwa na sentimita 6, wa kushoto haukufika 3. Ndani yake hukaa damu ya zamani, nzito na ya kahawia iliyokolea, ndiyo maana wengi huuita uvimbe wa chokoleti.

Daktari wa kwanza alitaka kunipasua wiki ileile. Nikaenda kwa mwingine, mama mtu mzima asiye na haraka, ambaye alinichorea ovari nyuma ya karatasi ya majibu. "Mwanangu," alisema, "ganda la uvimbe huu limeshikamana na nyama nzima yenye mayai, nikilibandua, mengine yataondoka nalo. Tujue kwanza akiba yako." Alieleza kwamba kuuacha nako kuna gharama, kwa kuwa madini ya chuma yanayotokana na damu ile huzidhuru tishu za jirani hadi zikafanya makovu, na mayai huweza kupungua taratibu, tena juu ya upungufu unaoletwa na umri.

Kipimo cha damu cha homoni ya AMH kilionyesha akiba ndogo kuliko inavyotarajiwa kwa mwanamke wa miaka 31. Tarakimu ile ilininyima usingizi, ingawa daktari alisisitiza kwamba inakadiria wingi wa mayai tu, haipimi ubora wake, wala haitabiri kama mtu atashika mimba kwa njia ya kawaida. Mirija yangu ilikuwa wazi na mbegu za mume wangu zilikuwa sawa (alikwenda kupima bila kubishana, na bado namshukuru), kwa hiyo tuliamua kutafuta mtoto kwanza. Niliacha vidonge vya homoni, kwa kuwa hutuliza maumivu lakini huzuia mimba.

Mimba haikuja, na maumivu ya upande wa kulia yakazidi. Hapo ndipo nilipokubali upasuaji wa matundu madogo tumboni, kwa sharti kwamba ovari ya kushoto isiguswe. Daktari alizuia damu kwa kushona badala ya kuunguza, kwa maana joto nalo huua mayai. Hata hivyo AMH ilishuka baada ya hapo, kama alivyokuwa ametuonya.

Nilishika mimba mwaka uliofuata. Nilipomaliza kunyonyesha nilirudia vidonge, ili kupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi. Ultrasaundi ya karibuni imeonyesha kwamba ule wa kushoto umefika sentimita 4; ndiyo sababu mtoto wa pili, ambaye tulitaka kumsubiri hadi wa kwanza aanze shule, tumeamua kumtafuta mwaka huu, kabla ya kuzungumza tena habari ya kisu.