Miche Arobaini ya Kwenda Urambo

Nilifika Tabora usiku, nikalala kwenye gesti ambayo maji yake yalikatika nikiwa na sabuni mwilini, na asubuhi nikanunua miche 40 ya mikaratusi kwa shilingi 500 mmoja, nikiamini kwamba nampelekea mjomba zawadi ya maana. Shamba lake liko nje ya Urambo, na miti yake iliishia zamani kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mwenye bodaboda alikuwa amekubali elfu kumi, lakini tulipofika penye mchanga akasimama na kusema kwamba mzigo wa miche nao ni abiria. Nikalipa elfu ishirini, kisha nikashuka kusukuma. Alipoanguka, aliangukia upande wa miche.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mboga umeitoa wapi?"

Miche 11 tu ndiyo iliyokuwa bado imesimama. Mjomba aliiweka kivulini bila kunicheka zaidi, akachukua panga, akanipeleka kwenye kitu nilichodhani ni kichaka. Alipofunua nyasi nilikiona kisiki cha mtundu, mti wa miombo, kipana kama kinu, kimekuwa cheusi kwa moto wa miaka mingi, na ubavuni mwake nikahesabu machipukizi 17 membamba yakigombea mwanga. Aliniambia kwamba mti ule haukuwahi kufa: mizizi yake iko chini sana na inapata maji hata kiangazi, ila kila ulipotaka kusimama ulikatwa, ukaliwa na mbuzi au ukaungua. Alichagua machipukizi manne yaliyonyooka, akayaondoa mengine kwa panga lililonolewa, akikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, kisha akapogolea matawi ya chini ya yale manne hadi karibu nusu ya urefu wa kila chipukizi. Kazi yote haikufika robo saa, na haikugharimu hata shilingi. Hicho ndicho wanachokiita kisiki hai.

Nilisimama pale nikiona haya, kwa sababu sisi tuliokulia huku tulifundishwa kwamba shamba la mtu hodari halina kisiki. Likizo zangu za shule ziliishia kung'oa na kuchoma, na marehemu baba alisifiwa kijiji kizima kwa shamba jeupe. Sasa mama hununua mkaa wa gunia, na kila mwezi hulalamikia bei. Baadaye nilifarijika kidogo kujua kwamba hata Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa Niger miaka ya 1980, alihangaika kwanza na miche iliyomfia jangwani kabla ya kugundua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku ni miti iliyokatwa. Huko Niger njia hiyo imerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5.

Siku tatu zilizofuata zilikwisha kwa kuinama, na mgongo wangu unazikumbuka kuliko mimi. Mjomba hakuogopa shoka kama alivyoogopa moto wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka, wala hakuwaamini wachungaji. Kwa hiyo kila kisiki kilichopogolewa alitaka kukifunga kitambaa cha rangi, ili apitaye ajue kwamba kina mwenyewe. Vitambaa vilipoisha alikitazama kitenge nilichofungia miche, kipya, cha elfu kumi na tano. Hakuomba, alikishika pindo tu, akasema kwamba rangi hiyo itaonekana hata kutoka barabarani.

Nilirudi Tabora nikiwa na kipande kinachotosha kufungia kichwa.