Kitabu cha mafundi cherehani wa London kimefika kwa Baba

Jumanne saa nne asubuhi nipo kwenye daladala naelekea Posta, simu ikaita, kuangalia ni yule kaka anayeuza vitabu vya mtumba pale Samora. "Dada, kile kitu chako nadhani nimekipata, fanya haraka maana kuna mtu ameshakitolea macho." Nilishuka kituo kinachofuata nikachukua bodaboda, sikusubiri hata chenji ya konda.

Nieleze kidogo kwanza. Baba yangu ni fundi cherehani, ameshona Kariakoo zaidi ya miaka arobaini kwenye kibaraza kimoja, sisi watoto wote ada zetu zimetoka kwenye ile mashine yake ya kukanyaga kwa miguu. Miaka miwili nyuma nilikuwa natafuta kwenye intaneti habari za historia ya ushonaji nikakutana na chama cha mafundi nguo wa London kinaitwa Merchant Taylors, na kitabu kilichoandikwa na mwanachama wao mwanasheria, Charles Mathew Clode, kikachapwa London mwaka 1875, kinaitwa Memorials of the Guild of Merchant Taylors. Nikasoma vipande vyake kwenye simu usiku kucha. Tangu siku hiyo nikawaambia wauza vitabu wote ninaowajua mjini kwamba kikionekana tu wanipigie, na kusema kweli sikutegemea, kitabu cha zaidi ya miaka mia na arobaini kitoke wapi huku kwetu.

Kumbe kilikuwa Upanga miaka yote. Kuna familia inahama, wakauza vitu vya marehemu babu yao kwa jumla, makabati, sahani, maboksi ya vitabu, na kaka wa Samora akanunua maboksi matatu bila kuyafungua. Cha kwangu kilikuwa chini kabisa. Jalada lake la kwanza halipo tena, mtu aliwahi kukivalisha upya ngozi ya kahawia, imechakaa kwenye kona mpaka inaacha unga mwekundu mikononi, lakini kurasa zipo zote, nilihesabu palepale nimechuchumaa kwenye lami watu wananiruka. Akataka laki mbili na nusu. Tukavutana mpaka laki na themanini, laki nikamtumia kwa simu hapohapo na iliyobaki mwisho wa mwezi, na ninamshukuru sana kwa kuniamini maana yule mteja mwingine alikuwa na keshi mkononi.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini nimehangaika hivyo.

Hawa mafundi walianza kama udugu wa dini, chini ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, wanazikana, wanasaidiana wakiugua, yaani kama vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Mwaka 1327 Mfalme Edward wa Tatu akawapa hati, na mwaka 1503 Henry wa Saba akawapa hilo jina la Merchant Taylors. Kijana akitaka kuwa fundi anakaa kwa bwana wake miaka saba au zaidi ndio anakuwa huru kufungua duka lake. Nilipomsimulia Baba hiyo ya miaka saba alinyamaza kidogo halafu akasema yeye alikaa minne kwa fundi wake Tanga, mwaka wa kwanza wote hakugusa mkasi, ni kupuliza pasi ya mkaa na kutoa nyuzi, "na ndio maana mpaka leo mshono wangu haukimbii."

Kinachonigusa zaidi ni yadi ya fedha. Chama kilikuwa na rula ya fedha tupu yenye urefu wa yadi moja, inchi 36, na kila mwaka kwenye maonyesho ya nguo ya Bartholomew pale Smithfield wakuu wao walikuwa wanaingia nayo sokoni wanapita duka kwa duka kulinganisha na vipimo vya wauza vitambaa. Ukikutwa yadi yako fupi unapelekwa kwenye mahakama ya palepale sokoni kesi inaisha leo leo. Jamani, nani ambaye hajawahi kununua kitenge cha yadi sita, unafika kwa fundi anatandaza anapima anakuta tano na robo tatu? Nimekulia kwenye kile kibaraza, nimeona mama wa watu anatetemeka kwa hasira kwa sababu kitambaa cha sare ya harusi hakitoshi mikono, na anayelaumiwa ni fundi, anaambiwa kaiba kipande. Baba alikuwa anapima mbele ya mteja kabla hajashika chaki, kila mteja, hata dada yake wa damu, na mimi nilikuwa naona kama anapoteza muda tu. Kwa hiyo nikisoma kwamba kuna mji ambao mafundi wenyewe ndio walitoka na rula kwenda kumlinda mnunuzi, mwili unanisisimka kabisa.

Na kuna ugomvi wao na wauza manyoya, Skinners. Walikuwa wanagombania nani atangulie kwenye msafara wa mashua wa meya mtoni, wa sita nani, wa saba nani, ikafika mahali pa kuumizana, mpaka mwaka 1484 Meya Robert Billesdon akaamua wapokezane, mwaka huu hawa wa sita wale wa saba, mwakani wanageuza, na kila mwaka wakaribishane chakula. Wanafanya hivyo mpaka leo! Mimi nasema huo ni utani kabisa kama wa Wazaramo na Wanyamwezi, mlipigana zamani basi sasa mnakula sahani moja.

Halafu yupo John Stow, mwanachama wa chama hichohicho, fundi nguo, ambaye ndiye aliandika habari za mji mzima wa London, mtaa kwa mtaa, kitabu kikatoka mwaka 1598. Alikufa maskini. Kanisani alipozikwa kuna sanamu yake ameshika kalamu ya unyoya, na chama bado kinaenda kumbadilishia hiyo kalamu. Natamani sana mtu angeandika hivyo mafundi wa Kariakoo, waliokata suti za kaunda miaka ya sabini, waliofundisha vijana mia bila cheti hata kimoja.

Basi jioni nikampelekea Baba nyumbani Ilala. Nikamwamkia, nikamwekea kitabu mapajani. Macho yake siku hizi yana mtoto wa jicho, ameacha kushona kama miezi minane na amekuwa mkimya sana. Hakuuliza kimeandikwa nini. Alikifungua katikati, akapitisha kidole kwenye bonde la kurasa taratibu kama anavyopapasa mshono wa koti, akasimama. "Hii imeshonwa na mkono." Nikaangalia na kweli, uzi unaonekana, karatasi zimekunjwa mafungu mafungu na kila fungu limeshonwa kwenye mgongo. Akalihesabu fungu moja, akavuta uzi kwa ukucha kidogo sana. "Uzi wa kitani huu, kaupaka nta. Aliyeshona alikuwa anajua."

Nikaanza kumwambia kuhusu kutunza, maana hali ya hewa ya Dar inaua vitabu: kisikae kwenye mfuko wa nailoni kinapata ukungu, kisiegemee ukuta wenye unyevu, kisipigwe jua, na wale wadudu wa fedhafedha wanaokula gundi wanapenda sana giza la kabatini. Akaniuliza kinahitaji kuvaa nini basi. Nikamwambia kitambaa cha pamba kisicho na rangi ndio kizuri.

"Marikani."

Akaniagiza chini ya kitanda kwenye sanduku lake, kilikuwepo kipande. Akachukua futi yake shingoni, bado anaivaa kila siku, akapima kitabu urefu, upana, unene, ananitajia namba mimi naandika kiganjani. Alikata kwa kupapasa. Kitu pekee alichoniomba ni kumtungia uzi kwenye sindano, na nilimtungia mara nne usiku ule, mpaka pindo la mwisho likaisha.