Siku moja maishani mwangu: napanga kupunguza upotevu wa maji

Saa 9 usiku. Kazi yangu ni kupanga miradi ya kupunguza upotevu wa maji kwenye mamlaka ya maji ya mji mmoja hapa Tanzania, na muda wetu mzuri wa kupima ni kati ya saa 8 na saa 10 usiku, watu wamelala, hakuna anayefua wala kuoga, kwahiyo maji yanayoendelea kupita kwenye dira kubwa ya kanda, yaani mitaa inayolishwa kupitia dira hiyo, mengi yake yanavuja chini ya ardhi. Fundi kashuka kwenye chemba na tochi anasoma, mimi naandika. Geji ya presha nayo inapanda, maana matumizi yakishuka presha inakuwa juu, ndo maana mabomba yanapenda kupasuka usiku.

Kanda hii tumeichagua makusudi, maji yanatoka saa 24. Kwenye mgao kipimo hiki kinadanganya kabisa, wakifungulia maji usiku watu wanajaza masimtenki na wewe unaandika ni mivujo.

Saa 3 asubuhi ofisini, chai na chapati, nafungua kompyuta. Maji yaliyoingia kwenye kanda, toa yaliyoandikiwa bili, kinachobaki ndo upotevu, ila hapo ndo watu wengi wanaishia. Mimi nataka nijue kiasi gani kimemwagika ardhini na kiasi gani mtu katumia bila kuandikiwa bili, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

Saa 5 niko mtaani na msoma dira. Tunaingia kwa mama mmoja, "shikamoo mama", "marahaba wanangu, mmekuja kunikatia?" Hapana mama, tunaangalia dira tu. Tenki lipo juu ya paa, floti inakaribia kufunga, tunasikia kabisa maji yanadondoka humo ndani, lakini kile kinyota kidogo kwenye dira, kinachozunguka maji yakipita, kimesimama tuli! Dira imezeeka, maji yakipita taratibu haiyaoni. Hajaiba, analipa kila mwezi, ila sehemu ya maji yake hatuihesabu, na nyumba zenye tenki na floti mtaa huu ni nyingi. Hayo ni maji tuliyoshayasukuma kwa umeme na kuyatia dawa na yamemfikia mteja, tungeyauza kwa bei kamili ya uniti (uniti moja ni lita 1,000).

Saa 8 mchana kikao cha bajeti. Meneja ananiuliza, injinia kwanini tusibadilishe mabomba yote tu tumalize? Mzee, hela hiyo hatuna, na hata tungekuwa nayo tungefukua mitaa mizima mabomba mengine yakiwa bado mazima. Nikawapigia hesabu ubaoni: bomba kubwa likipasuka linamwaga lita 20 kwa sekunde, watu wanapiga simu, mafundi wanafunga baada ya masaa manne, zimepotea uniti 288. Mvujo mdogo wa nusu lita kwa sekunde usioonekana juu ukikaa siku 90 unapoteza uniti 3,888. Watu wakanyamaza. Halafu presha, ukiishusha usiku kila mvujo unapungua papo hapo, hata ule ambao hujui uko wapi, na bomba linaishi zaidi.

Mmoja akasema kile kiwango cha upotevu usiozidi asilimia 20 cha EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za maji na nishati, ni cha nchi za watu. Nikamtajia Phnom Penh, Kambodia, mji uliotoka vitani, mwaka 1993 walikuwa wanapoteza asilimia 72 wakashuka mpaka karibu asilimia 6, kwa kupima kila kanda, kuweka dira kwa kila mteja na kusaka mivujo usiku na mchana. Naamini kabisa na sisi tunaweza, mama zetu wanaamka alfajiri kupanga ndoo wakati maji yanapotelea njiani, hilo linaniuma.

Saa 11 jioni wamepitisha vali ya kupunguza presha kwa kanda moja na dira mpya tukianza na wateja wakubwa, mabomba chakavu tutayachagua baada ya vipimo. Timu ya kusaka mivujo wameikata, wanasema posho ni nyingi. Nairudisha wiki ijayo na namba za usiku wa leo, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na bila hao vijana na fimbo zao za kusikilizia mabomba ule mvujo wa nusu lita hakuna atakayeuona.