Kikohozi cha Mzee wa Mkonge

Kazi yangu kwenye chumba cha upasuaji ilikuwa kushika mkono. Mgonjwa wa mtoto wa jicho kwa kawaida halazwi usingizi: anachomwa ganzi kando ya jicho, anafunikwa shuka uso mzima isipokuwa jicho lenyewe, na anabaki akisikia kila chombo kinachogonga trei. Kwa hiyo tulipatana na kila mmoja: ukitaka kukohoa au kupiga chafya, nibane mkono kwanza, daktari atoe vyombo.

Mzee huyu alitoka upande wa Muheza. Alifanya kazi korona, kiwanda cha kusindika mkonge, mpaka nguvu zikamwishia, na vumbi la mkonge likamwachia kifua kibovu. Asubuhi ile nilipomuuliza kama anakohoa, alijibu, "Hata kidogo, mwanangu." Simlaumu. Alishawahi kurudishwa nyumbani kwa kikohozi hichohicho, na nauli ya kuja Tanga mjini na msindikizaji si ya kuchezea.

Kiini cha lenzi iliyoingia ukungu kilikuwa kimeshatoka, daktari anasafisha mabaki, nilipoona shuka linatetemeka kifuani. Mkono wangu haukubanwa. Mzee alikuwa anakimeza kikohozi, na kikohozi kikimezwa hurudi na ndugu zake. Kilipofumuka, mboni iliyokuwa duara ikavutika upande mmoja, ikachongoka. Utando mwembamba wa nyuma ya lenzi ulikuwa umechanika, na ute unaojaza jicho, mwangavu kama ute wa yai bichi, ulikuwa unasogea mbele kutafuta mlango.

Asiyejua angedhani balaa ni ule ute kumwagika. Hapana, karibu wote ni maji, na jicho lina maji yake ya kuziba pengo. Balaa ni kuuvuta. Nyuzi zake zimeshikamana na retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, na retina ikichanika inaweza kubanduka, mtu akaondoka kipofu wa jicho alilolileta litibiwe. Ndiyo maana daktari hakuchomoa chombo kwa pupa. "Mzee, pumua kwa mdomo, polepole." Akagusisha sponji ndogo kwenye kidonda, kilichonasa akakikata kwa mkasi palepale mlangoni, bila kuvuta. Akarudia, akarudia tena, jasho linamtoka, mpaka mboni ikawa duara. Lenzi ya plastiki aliikalisha mbele ya utando uliosalia, akashona. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje walinuna, na walikuwa na haki.

Kesho yake bandeji ilipotolewa, mzee alihesabu vidole vyangu bila kukosea. Bintiye akapewa masharti: asisugue jicho, asibebe mizigo, usiku alale na kikinga jicho, akiona mimweko, vidoa vyeusi vya ghafla au kama pazia linashuka, arudi siku hiyohiyo, asingoje kliniki.

Kisha daktari akazungumzia jicho la pili. Safari hii kifua kitatibiwa kwanza, haja ndogo aimalize kabla ya kupanda mezani, na baada ya ganzi jicho litakandamizwa taratibu mpaka lilegee, ili ute usiwe na msukumo. Mzee alimsikiliza kwa adabu zote hadi mwisho.

"Ahsante, daktari. Hilo jingine liacheni. Hili moja linatosha kuwatambua wadeni wangu."